Kilimanjaro: yanayosemwa mjini na yanayotokea mlimani

Kila inapokaribia Desemba 9, makundi ya Watanzania hujiandikisha kupanda Kilimanjaro, wengi kwa mara ya kwanza na kwa njia ya Marangu. Kwenye maandalizi husikika maneno yaleyale, yakisemwa kwa uhakika mkubwa. Mengine hayana madhara. Mengine humshusha mtu kwenye machela.

“Kule juu hakuna oksijeni.”

Ipo, na sehemu yake kwenye hewa ni ileile ya ufukweni Tanga: karibu asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, mgandamizo ni kama nusu ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi inakuletea kama nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili hujibu kwa kupumua haraka na kwa kina zaidi, figo nazo hurekebisha kemia ya damu ili upumuaji huo uendelee hata usingizini. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na hakuna namna ya kuiruka. Shika hapo, maana dhana nyingi zinazofuata zinaanguka kwa sababu hiyohiyo.

“Mwenye mazoezi hapati shida.”

Mazoezi yanasaidia miguu, moyo na magoti. Hayamkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko, yaani ule unaompata mtu akipanda juu haraka kuliko mwili unavyozoea. Mara nyingi anayeumia ni kijana mkimbiaji anayefika kambi ya Horombo wa kwanza, mapema mchana, kisha jioni kichwa kinapasuka na chakula hakipiti. “Pole pole” ya mlimani ina kipimo chake: mwendo ambao unaweza kusema sentensi nzima bila kukatisha kuvuta pumzi. Ukishindwa kuimaliza, punguza mwendo.

“Marangu ni njia rahisi, siku tano zinatosha.”

Hapa ndipo wengi hupoteza kilele kabla hawajaondoka nyumbani. Marangu ina vibanda na vitanda, na mteremko wake ni mpole kwa miguu. Tazama mahali unapolala: Mandara mita 2,720, Horombo mita 3,720, Kibo mita zipatazo 4,700. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishavuka mita 3,000, kimo cha kulala kisiongezeke zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja bila kupanda kwenda kulala juu zaidi. Ratiba ya siku tano inaruka mita 1,000, kesho yake inaruka tena karibu 1,000, na usiku huohuo saa sita unaanza kupanda nyingine karibu 1,200. Ukiingia getini Jumatatu, Alhamisi alfajiri uko kwenye ukingo wa kreta. Mwili haujapata muda wa kufanya chochote.

Siku ya sita huongeza usiku wa pili Horombo. Asubuhi unapanda taratibu hadi Mawe ya Pundamilia, karibu mita 4,000, unakaa kidogo, unarudi kulala palepale. Inaonekana kama siku iliyopotea. Ndiyo siku yenye faida kuliko zote, na ukibanwa na bajeti, punguza kingine kabla ya kuigusa.

Njia nyingine, Machame, huogopwa kwa sababu ya kulala kwenye hema na ukuta wa mwamba wa Barranco, lakini kwa kichwa ni njia yenye huruma zaidi. Siku ya tatu unafika Lava Tower, karibu mita 4,600, unakula chakula cha mchana, kisha unashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Huko ndiko kupanda juu na kulala chini. Ichukue kwa siku saba, si sita: usiku wa ziada kwenye kambi ya Karanga unaigawa safari ya Barranco hadi kambi ya Barafu, na unaanza usiku wa kilele ukiwa na nguvu.

“Sisi wa Moshi na Arusha tumezaliwa nao, hautusumbui.”

Moshi haifiki mita 1,000 na Arusha ni kama 1,400. Hakuna mazoea ya mita 4,700 yanayopatikana huko. Hata mpagazi aliyekaa nyumbani wiki kadhaa hupoteza uzoefu wa mwili wake na anaweza kuugua kama mgeni. Akisema kichwa kinauma, apewe uangalizi uleule anaopewa mteja.

“Meza Diamox, utafika.”

Dawa hii husaidia mwili kuzoea haraka kidogo kwa kuchochea upumuaji. Haibadilishi ratiba mbaya kuwa nzuri. Dozi ya kawaida ya kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole na midomo huwasha kama ganzi, utakojoa zaidi, na soda itakuwa na ladha mbaya. Mwone daktari kwanza, hasa ukiwa na mzio wa dawa za salfa, na uijaribu ukiwa bado nyumbani.

Wapo wanaosema Diamox huficha dalili. Haifichi: ukiugua ukiwa umeimeza, umeugua kweli. Panado nayo si kosa kwa maumivu ya kichwa. Kosa ni kuimeza ili upande. Kichwa kikiendelea kuuma baada ya panado, maji na mapumziko, au ukitapika, unabaki ulipo. Hali ikizidi, unashuka.

Kuna kipimo kinachostahili kujulikana na kila mtu kwenye kundi. Chora mstari mnyoofu kwenye vumbi la Kibo. Mwambie mgonjwa atembee juu yake, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua kumi. Aliyechoka tu ataweza. Anayeyumba kama mlevi, au anayejibu maswali bila mpangilio, mchukulie kuwa ubongo wake umeanza kuvimba. Anayehema akiwa amekaa, anakohoa na midomo inakuwa ya bluu, mapafu yanajaa maji. Wote wawili wanashushwa wakati huohuo, hata kama ni saa nane za usiku na mvua inanyesha. Oksijeni ya mtungi na deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, hununua muda tu, na helikopta hungoja hali ya hewa. Njia ya Kibo hadi Horombo ni pana, na machela ya gurudumu moja hupita vizuri.

“Kunywa maji mengi, huugui.”

Lita tatu hadi nne kwa siku, supu na chai zikiwemo. Maji huzuia upungufu wa maji, ambao dalili zake hufanana na za mwinuko. Kujilazimisha zaidi ya hapo huzimua chumvi ya damu, nayo ni hatari.

“Jaketi moja zito linatosha.”

Usiku wa kilele baridi inaweza kufika nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri, na upepo huzidisha. Jinzi na fulana ya pamba hunyonya jasho na kukugandisha ukisimama. Vaa tabaka: ya ndani isiyo pamba, ya kati ya sufu au flisi (kitambaa laini cha kushika joto), ya nje ya kuzuia upepo. Soksi mbili ndani ya buti lililobana hukata damu, vidole vikafa ganzi. Chupa ya maji iweke mdomo chini kwenye begi, kwa kuwa barafu huanzia juu na mdomo utabaki wazi. Betri za tochi ya kichwani zikae mfuko wa ndani. Buti za mtumba zikunje kwa nguvu kabla ya kununua: gundi ya soli iliyozeeka huachia kwenye kokoto, na huko juu hakuna fundi.

“Mpagazi atabeba chochote.”

Kikomo ni kilo 20, na mizigo hupimwa getini. Begi lako lisizidi 15.

“Ukifika Gilman umemaliza.”

Gilman ni pale njia ya Marangu inapofika ukingo wa kreta. Cheti utapata, lakini Uhuru iko mita zipatazo 200 juu zaidi, saa moja na nusu hadi mbili za kutembea ukingoni. Amua ukijua hilo.

“Kushuka ni mteremko tu.”

Siku ya kilele kwa Marangu unapanda karibu mita 1,200, halafu unashuka kama 2,200 hadi Horombo, ukiwa hujalala. Magoti na kucha huharibikia hapa. Kata kucha fupi siku mbili kabla ya safari. Kwenye ukingo wa kreta kaza kamba za buti hasa kwenye kifundo ili mguu usiteleze mbele, refusha fimbo kama sentimita kumi, shuka ukikunja magoti kidogo. Na usimalize maji juu: bakiza nusu lita na kitu cha kutafuna, maana kati ya kilele na Kibo hakuna pa kuchota.