Mashudu ya Pamba: Ndani ya Kiroba Kuna Nini?

Mwezi wa tisa, nyasi za Kanda ya Ziwa zikiwa zimebaki vishina, viwanda vya kuchambua pamba ndiyo kwanza vimekolea kazi. Ununuzi wa pamba hufunguliwa Mei au Juni, mbegu zinarundikana viwandani, mitambo ya kukamua mafuta inawashwa, na mashudu, yale makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, yanaanza kutoka. Kwa mfugaji hii ni bahati ya kalenda: chakula chenye protini kinaingia sokoni wakati machungani hamna kitu. Ndiyo maana mazizi ya kunenepesha ng'ombe yameota Shinyanga, Simiyu na Mwanza, jirani kabisa na viwanda, na mengi huchangamka kiangazi kisha yakatulia mvua zikishika.

Ng'ombe wetu wa asili akiachwa atafute mwenyewe kiangazi, anapungua mwili. Akifungiwa miezi mitatu hivi akila mashudu, pumba za mahindi, madini, na yale maganda ya mbegu za pamba ambayo huku ndiyo hushika nafasi ya nyasi, anaweza kuongeza zaidi ya nusu kilo kwa siku. Tofauti hiyo ndiyo faida ya mnenepeshaji siku ya mnada.

Lakini mashudu hayaongezeki kwa sababu wafugaji wameyapenda. Yanafuata pamba, nayo pamba inapanda na kushuka. Msimu wa 2019/2020 Tanzania ilivuna karibu tani 350,000 za pamba mbegu, yaani pamba ambayo haijachambuliwa. Msimu uliofuata mavuno yaliporomoka hadi karibu tani 120,000. Tani moja ya pamba mbegu ikichambuliwa hutoa nyuzi zaidi kidogo ya theluthi, na mbegu kilo 600 hivi. Piga hesabu: mbegu zilizotoka zilishuka kutoka tani 210,000 hivi hadi tani 72,000 hivi, na kabla ya kukamua inabidi zitengwe za kupanda. Mkulima wa Bariadi au Meatu akichoshwa na bei ya pamba akageukia dengu au choroko, miezi kadhaa baadaye anayeumia ni mfuga ng'ombe wa maziwa wa Arusha, ambaye pengine shamba la pamba hajawahi kulikanyaga.

Tena hayuko peke yake sokoni. Watengenezaji wa vyakula vya mifugo wa Kenya nao hununua mashudu kutoka kwetu, hivyo mwaka wa mavuno haba kiroba kinagombewa na pande mbili za mpaka. Kinachopunguza makali ni alizeti ya Singida na Dodoma. Wafugaji wengi siku hizi huhama kati ya mashudu ya pamba na ya alizeti kwa kufuata bei, jambo ambalo sina tatizo nalo, ila wengi huhama bila kubadili vipimo. Hapo ndipo maziwa yanaposhuka na lawama kumwangukia ng'ombe.

Kosa hilohilo hutokea hata kwa anayeng'ang'ania pamba tu, maana mashudu ya pamba si kitu kimoja. Kuna kiwanda kinachobangua mbegu kwanza, kikaondoa maganda, ndipo kikakamua. Mashudu yake huwa na protini asilimia 40 hivi. Kuna kinachokamua mbegu na maganda yake, na hayo huwa na asilimia 20 hadi 25, sehemu kubwa iliyobaki ikiwa nyuzinyuzi ngumu. Sokoni yote mawili huitwa "mashudu ya pamba", na mara nyingi kiroba hakina lebo.

Chukua mchanganyiko ambao wafugaji wengi wanaujua: pumba za mahindi kilo 70, mashudu kilo 27, madini kilo 2, chumvi kilo 1. Pumba zikiwa na protini asilimia 11, zinaleta kilo 7.7. Mashudu yaliyobanguliwa yanaongeza kilo 10.8, jumla 18.5 katika kila kilo mia. Weka yasiyobanguliwa yenye asilimia 23: yanaongeza kilo 6.2 tu, na jumla inaanguka hadi 13.9. Ng'ombe wa maziwa anahitaji chakula cha ziada chenye protini asilimia 16 hivi. Kwa karatasi ileile ya vipimo, mmoja anamwaga protini aliyoilipia, mwingine ananyima. Mwenye mashudu yasiyobanguliwa inambidi apandishe hadi kilo 40 na kupunguza pumba zibaki 57 ndipo akaribie.

Utayatofautishaje bila maabara? Vunja bonge moja mkononi. Ukiona vipande vyeusi vya maganda vimetapakaa na manyoya meupe yamenasa humo, hayakubanguliwa. Rangi ya manjano iliyoelekea kahawia ni nzuri. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ina maana mtambo ulipitiliza joto, na protini iliyoungua mnyama haimfai sana. Halafu tia kiganja kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Mchanga utazama chini na kumuumbua muuzaji.

Mbegu ya pamba ina sumu yake ya asili, gosipoli, ambayo mmea huitumia kujikinga na wadudu. Miaka ya 1970 watafiti wa China waliijaribu kama dawa ya uzazi wa mpango kwa wanaume, kwa kuwa inapunguza mbegu za kiume; mwenye dume la mbegu asiisahau habari hiyo anapojaza kihori. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wazima huivumilia kwa kiasi, kwani tumbo lao la kwanza huifunga kabla haijaingia mwilini. Ndama ambaye tumbo hilo halijakomaa hana kinga hiyo. Nashauri asipewe kabisa hadi apite miezi minne. Nguruwe na kuku nao hawana. Kuku wa mayai akilishwa mashudu haya, kiini cha yai kinaweza kugeuka rangi ya kijani iliyoelekea kahawia likikaa ghalani, na hakuna mteja atakayesikiliza maelezo yako. Kwa ng'ombe wa maziwa, kilo moja hadi mbili kwa siku, pamoja na majani ya kutosha, ni kiwango cha kutulia nacho.

Hatari inayonisumbua zaidi kuliko gosipoli ni ukungu. Wengi hununua mengi Septemba, bei ikiwa chini, wakayapanga juu ya sakafu tupu. Mvua za vuli zinaingia, sakafu inatoa unyevu, na viroba vya chini vinashika ukungu unaozalisha sumukuvu. Ng'ombe akiyala, sehemu ya sumu hiyo hutoka kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Panga juu ya mbao, acha nafasi ukutani, na bonge lenye ukungu usilikwangue ukalirudisha kwenye kihori.

Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010 inawataka wanaotengeneza na kuuza vyakula vya mifugo wasajiliwe, kwa hiyo una haki ya kumuuliza muuzaji usajili wake, kiwanda yalikotoka na kama mbegu ilibanguliwa. Muulize pia tarehe ya kukamuliwa, kwani mashudu ya mtambo wa kukandamiza hubaki na mafuta kidogo ambayo huchacha. Na ikifika Novemba, wakulima wakigawiwa mbegu za kupanda, akija mtu na mbegu za bei ya kutupa alizodai zimebaki, ziangalie rangi. Zilizopakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu si chakula cha mnyama yeyote, hata zikioshwa.