Jeni ya HTT unayo, ninayo, na jirani anayo

Nikisoma tena mahali kwamba fulani "amekutwa na jeni ya Huntington" nitapasuka. Jeni inayohusika na ugonjwa huo wa kurithi wa ubongo ni HTT, iko kromosomu ya 4, ncha ya mkono mfupi, na kila mmoja wetu ana nakala mbili. Panya wa maabara walioondolewa zote mbili hufa wakiwa bado tumboni.

Kinachopimwa ni marudio ya CAG, herufi tatu za DNA, mwanzoni mwa jeni. Hadi 26, kawaida. 27 hadi 35, mwenyewe hatarajiwi kuugua, ila yanaweza kurefuka kwa mtoto, hasa yakitoka kwa baba. 36 hadi 39, wengine huugua, wengine huzeeka salama. Kuanzia 40, utaugua ukijaliwa umri. Nakala moja ndefu inatosha, kwa hiyo kila mtoto ana bahati ya nusu kwa nusu, awe wa kwanza au wa saba. Basi, tuendelee.

Kero yangu kubwa ni watu kuisoma namba kama tarehe. Ripoti imeandika 17/43, yaani marudio ya nakala moja na ya nyingine, mtu anafungua jedwali mtandaoni na kutoka na mwaka atakaoanza kuugua. Jamani! Kipimo cha kawaida hakihesabu CAG moja moja. Tunazidisha kipande cha DNA kwa PCR, tunapima urefu wake, tunatoa sehemu za pembeni, tunagawa kwa tatu. Kupishana kwa moja kunakubalika, na mwenye 39 anajua moja ni kubwa kiasi gani.

Halafu kuna CAA. Kwa kawaida mfululizo wa CAG ukiisha hufuata CAA, kisha CAG moja. CAA nayo, kama CAG, huleta glutamini, moja ya matofali ya protini, kwa hiyo marudio 43 huzaa glutamini 45 kwenye protini. Sasa, kwa watu wachache CAA hiyo imegeuka CAG. Urefu haubadiliki, ripoti itasema 43 vilevile, kumbe CAG zimeshikana 45 bila kukatizwa. Hao huwahi kuugua kuliko wenzao wa 43, ilhali glutamini zao ni zilezile 45.

Rudia sentensi hiyo taratibu. Vitabu vinafundisha kwamba mkia wa glutamini ndio sumu. Kama ndio unaopanga saa ya kuanza, tofauti hii inatoka wapi? Jeni za kukarabati DNA, FAN1 na MSH3, nazo husogeza umri wa kuanza, na marudio huendelea kurefuka ndani ya seli za ubongo maisha yote. Namba yako ni ya damu, si ya ubongo. Mimi naanza kuamini kwamba saa iko kwenye DNA na protini inamalizia kazi, ila sitabishana na anayesubiri ushahidi zaidi. Dawa ya tominersen ilishusha huntingtini, protini ya HTT, lakini Machi 2021 utoaji wa dozi kwenye jaribio lake kubwa ulisitishwa.

Mawili kwa wanaosoma ripoti. Kilele kimoja kwenye grafu hakimaanishi nakala mbili zinazolingana. Huenda ya pili ni ndefu mno na PCR imeshindwa kuizidisha, kwa hiyo omba PCR ya aina inayoanzia ndani ya marudio yenyewe. Na kwa mgonjwa mwenye asili ya Kiafrika anayechezacheza viungo bila kutaka, HTT ikija safi usifunge faili: pima jeni ya JPH3, kromosomu ya 16. Ugonjwa wake unafanana na Huntington kiasi cha kumdanganya hata daktari wa neva, na karibu wote waliokutwa nao wana asili hiyo.