P0171 haijakutuma ukanunue sensa

“Mashine imesema sensa ya oksijeni ni mbovu.” Haijasema. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari imesema P0171, namba ya hitilafu yenye maana ya mchanganyiko mwembamba: hewa imezidi petroli. Na aliyeleta habari hiyo ni sensa yenyewe ya oksijeni. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Arusha tunamng'oa, tunafunga kopi, tunachomoa tamino ya betri ili taa ya injini kwenye dashibodi izime, kisha baada ya siku tatu taa hiyo hapo tena.

Kuchomoa betri hakutibu kitu. Kunafuta namba, kumbukumbu ya hali ya injini taa ilipowaka, na marekebisho yote ya petroli ambayo kompyuta ilikuwa imejifunza. Umechoma faili la mgonjwa halafu unaniuliza anaumwa nini.

Taa ikipepesa na gari inatetemeka, paki: silinda haichomi na petroli mbichi inaungulia ndani ya katalisti, kile kisafisha moshi cha ekzosi. Hiyo ni habari ya plagi na koili, tuiache.

Kusoma namba. IST, Raum na Noah nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitengenezwa kwa soko la Japani, kwa hiyo kile kifaa cha bluetooth cha bei chee mara nyingi hakiunganishi. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, haijafa! Kwenye Toyota nyingi za aina hiyo, tafuta soketi ya kuchomekea mashine chini ya usukani, upande mpana uwe juu, hesabu kutoka kushoto. Swichi ya ufunguo ikiwa imezimwa, unganisha kwa kipande cha waya tundu la 4 la safu ya juu na la 5 la safu ya chini, kisha washa swichi bila kupiga stata. Tundu la mwisho kulia chini usiliguse, lina umeme wa betri muda wote. Taa ikipiga mara 2, ikapumzika, ikapiga 5, hiyo ni 25, ndugu yake P0171. Ikipepesa haraka mfululizo, hakuna kilichohifadhiwa. Taa za ABS na eabegi nazo zitacheza, zipuuze.

Ukipata mashine inayounganisha, usiishie kwenye namba. Fungua marekebisho ya petroli, ya muda mfupi na ya muda mrefu, ujumlishe: plasi ni kompyuta inaongeza petroli, minasi inapunguza. Hadi 10% kwenda juu au chini sina ugomvi nayo. Ikisoma +25% gari ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, halafu ikashuka karibu na sifuri kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, hewa inaingia kwa mlango wa nyuma: mpira wa PCV (wa kupumulia injini), mpira wa hidrovaki ya breki, gasketi ya menifoldi, hata dipstiki isiyokaa vizuri. Nyunyizia maji kidogo kidogo kwenye maungio na usikilize muungurumo ukibadilika. Pima injini ikiwa baridi, asubuhi za Julai ndizo nzuri, kwa sababu gasketi iliyokakamaa huvuja kwenye baridi na kujifunga ikipata moto. Ukipima saa saba mchana utaapa gari ni zima.

Ile plasi ikizidi kadiri unavyokanyaga mafuta, kagua sensa ya hewa iliyo baada ya ea klina. Vumbi la Kisongo na Moshono linapita kwenye karatasi iliyotoboka kwa kupulizwa upepo wa kompresa kila wiki. Nunua ea klina mpya, jamani. Sensa ifungue skrubu zake mbili, ipulizie dawa yake maalumu mara 10 hadi 15, iache ikauke dakika 20. Dawa ya kabureta hapana. Pamba ya masikio hapana kabisa, ule waya ni mwembamba kama unywele.

Hapa nakiri: sensa chafu na pampu dhaifu ya petroli hufanana mno kwenye namba hizo. Bila geji ya presha ya petroli siwezi kuapa. Injini ya Toyota ya 1NZ inataka presha ya kPa 304 hadi 343. Na sikatai, sensa ya oksijeni iliyozeeka huweza kudanganya, ila iwe mshukiwa wa mwisho.

Kisha kuna wanaosema Arusha iko juu, mita 1,400, hewa nyepesi ndiyo inawasha taa. Ile sensa ya hewa inapima uzito wa hewa. Hewa ikipungua, petroli nayo inapunguzwa. Gari itachoka kidogo kuliko ikiwa Moshi, basi.

Ukimaliza, usikimbilie kufuta. Endesha; kwa kawaida taa huzima yenyewe baada ya safari tatu safi mfululizo. Isipozima, rudi kwenye ile mipira.