Hayo makabila zaidi ya 120 tunayoambiwa Tanzania inayo, nani aliyahesabu?

Mimi kazi yangu ni takwimu, nipo hapa Dodoma, na swali ninaloulizwa na wanafunzi kuliko yote ni hili: mwalimu nisaidie asilimia ya Wagogo Tanzania, au Wakristo wangapi Waislamu wangapi. Nikimwambia haipo anahisi namficha. Sifichi kitu jamani. Sensa yetu ya mwisho kuuliza kabila na dini ni ya 1967, tukiwa watu milioni 12 na kidogo, na kuanzia ya 1978 mpaka hii ya 2022 iliyotukuta tuko 61,741,120, hayo maswali hayamo kwenye dodoso. Mwaka 2012 wapo waliotaka la dini lirudi, mabishano yakawa makali kweli, halikurudi.

Sasa zile asilimia za mitandaoni? Za dini nyingi ni makadirio ya tafiti, wanaulizwa watu elfu moja au mbili alafu inakadiriwa nchi nzima, kwahiyo inategemea umemuuliza nani na wapi, maana ukiishia Unguja utaapa nchi hii yote ni Waislamu na ukiishia Mvumi hapa Dodoma utaapa yote ni Waanglikana. Na "makabila zaidi ya 120" ni orodha ya majina tu, tangu ile sensa ya 1967 hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kuuliza, na orodha inategemea mwandishi wake kama watu wanaoelewana lugha kawaweka fungu moja au kawatenganisha. Angalia Kenya, wao sensa yao inauliza kabila. Wamakonde wa Kwale wakatambuliwa kuwa kabila la 43, mwaka 2017 Wahindi nao wakawa la 44. Makabila yameongezeka mawili na hakuna mgeni aliyeshuka hata kwenye basi, watu ni walewale wa siku zote.

Kuna nchi zinauliza, kuna nchi hazitaki kusikia. Rwanda kabila lilikuwa limeandikwa kwenye kitambulisho tangu enzi za Wabelgiji, na mwaka 1994 kwenye mauaji ya kimbari kitambulisho hichohicho ndo kilikuwa kinaangaliwa kwenye vizuizi barabarani, baada ya hapo wakalifuta. Ufaransa sensa haiulizi rangi wala dini. Marekani wao wanauliza rangi tangu 1790, ila ruhusa ya kuchagua zaidi ya moja imekuja 2000 tu, miaka 210 baadaye!

Mi naona sisi wa kanda ya kati tungewafundisha hao wote. Panda basi hapa mjini mpaka Kondoa ushuke sokoni usikilize: Kigogo na Kirangi ni Kibantu, Kiburunge na Kialagwa ni Kikushi, ndugu zake wako Ethiopia huko, Wabarbaig ni Waniloti, na Kisandawe kina zile sauti za kugonga ulimi ambazo wataalamu mpaka leo wanabishana waziweke ukoo gani. Na hao wote wanaoana, wanataniana, wananunua karanga kwa mama mmoja.

Sasa sikia. Darasani niliwapa fomu ya mazoezi kwenye tableti, kabila nafasi moja tu. Kijana mmoja baba Mrangi, mama Mgogo, bibi aliyemlea Msandawe wa Kwamtoro, akaandika yote matatu, programu ikagoma, akarudia ikagoma, mwisho akabonyeza Mrangi kwa kuwa ndo la baba. Mdogo wake wa kike alikuwa amekuja kumletea chakula, nikampa naye ajaze kwa utani tu. Akabonyeza Mgogo bila hata kufikiria, nikamuuliza mbona hivyo, akasema mimi Kirangi sikijui mwalimu, nyumbani tunaongea Kigogo na mama.

Tumbo moja, nyumba moja pale Chang'ombe, na programu ikazipokea fomu zote mbili.