Kuchagua Sanaa Inayovumilia Kukatizwa

Akina mama wengi wanaokuja darasani kwangu jijini Dar es Salaam kujifunza sanaa ya chapa, yaani kuchonga picha kwenye kipande cha lino au mbao na kuichapa kwenye karatasi, huniuliza swali moja kabla hata hawajashika patasi: muda nitautoa wapi? Jibu langu huwashangaza kidogo, kwa sababu mimi naanza na vifaa. Mama mwenye mtoto mdogo ana muda, ila muda wenyewe umekatikakatika: robo saa mtoto akiwa amelala, dakika chache wali ukiwa unakauka jikoni, pengine saa nzima usiku, ikiwa nyumba imetulia na mwili bado una nguvu. Kinachoamua kama ataendelea na sanaa au ataiacha ni iwapo kazi aliyoichagua inaweza kuwekwa chini ghafla bila kuharibika, na kuendelezwa kesho kutoka pale pale ilipoishia.

Kila nyenzo ina uvumilivu wake. Rangi ya maji haisubiri: ukishalowanisha karatasi kwa ajili ya anga au bahari huna budi umalize kabla haijakauka, na mtoto akilia katikati, mstari utakaobaki pale rangi ilipokaukia haufutiki kirahisi. Akriliki nayo hukauka upesi mno katika joto la pwani. Rangi ya mafuta husubiri siku nyingi, lakini huja na tapentaini, ambayo mvuke wake haufai kuvutwa na mtoto anayelala chumba hicho hicho, na baadhi ya rangi zina madini yenye sumu, kama risasi au kadimiamu. Risasi ikiingia mwilini mwa mama hufika hadi kwenye maziwa yake, kwa hiyo hapa simung'unyi maneno: anayenyonyesha aziweke kando rangi za aina hiyo.

Mimi nilitulia kwenye chapa ya lino. Lino asili yake ni kitandiko cha sakafu, kinachotengenezwa kwa mafuta ya kitani na unga wa gome lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, juu ya kitambaa cha juti. Wasanii hukipenda kwa sababu hakina nyuzi kama mbao, hivyo patasi hukata kuelekea upande wowote. Kazi yake imejigawa yenyewe katika hatua. Kwanza unachora, ukikumbuka kwamba picha itatoka kinyume, kisha unachonga na kuondoa kila sehemu unayotaka ibaki nyeupe. Uchongaji ndio sehemu ndefu na ndiyo inayomfaa mama, kwa kuwa uamuzi mkubwa umeshafanyika kwenye mchoro na mkono unafuata tu: naweza kuchonga jani moja la mwembe, nikainuka kumbadilisha mtoto nepi, nikarudi kwenye jani la pili bila kupoteza chochote. Kipande kikikaa kabatini wiki kadhaa hakidhuriki, na kikiwa kigumu kinahitaji kupashwa joto kidogo, jambo ambalo jua la Dar es Salaam hulimaliza bila gharama. Kuchapa ndiko kunakohitaji utulivu, maana wino ukishapakwa kwa rola, karatasi inapaswa kulazwa juu yake na kusuguliwa kwa mgongo wa kijiko cha mbao bila kusitasita. Kazi hiyo naipangia usiku, au siku ambayo bibi yao amekuja kutusalimia. Wino wa mafuta nausafisha kwa mafuta ya kupikia na kumalizia kwa sabuni. Patasi zinakaa ndani ya kopo la maziwa lenye mfuniko, juu kabisa ya kabati, na hilo halina mjadala nyumbani kwangu.

Msanii ninayemrejea mara nyingi darasani ni Rosemary Karuga wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2021. Alisoma sanaa Makerere kati ya mwaka 1950 na 1952, akiwa mwanamke wa kwanza katika shule ile ya sanaa, kisha akarudi Kenya, akafundisha shuleni kwa miaka mingi na kulea watoto wake. Kazi zilizompa jina alizianza katika miaka ya 1980, na alizifanya kwa vitu vinavyopatikana katika nyumba yoyote: karatasi za kufungia sabuni, pakiti za unga, kurasa za majarida. Alizikata vipande vidogo vidogo na kuvibandika kwa gundi hadi vikawa mifugo, ndege na wanawake wa kijijini wakiwa kazini. Mwaka 1990 alikuwa mwanamke pekee miongoni mwa wasanii wa Afrika walioonyeshwa pamoja katika Studio Museum in Harlem, jijini New York. Kipande cha karatasi hakikauki wala hakichachi. Unaweza kubandika vitatu asubuhi na kimoja usiku, na jicho la mtazamaji lisitambue kabisa mahali ulipopumzika.

Hata hivyo, sipendi hadithi yake inaposimuliwa kama faraja tupu, kwamba hakuna kuchelewa na kila jambo lina wakati wake. Kati ya Makerere na kolaji zile, yaani picha za vipande vya karatasi vilivyobandikwa, ilipita takriban miongo mitatu, na picha ambazo angeweza kuzitengeneza katika miaka hiyo hatutaziona kamwe. Namfundisha kwa sababu ya ile pakiti ya unga. Turubai na rangi ni ghali, na kwa mama anayepiga hesabu ya ada na nauli ya daladala, nyenzo iliyomo ndani ya nyumba tayari inaondoa kisingizio kimoja kikubwa.

Ruth Asawa, Mmarekani mwenye asili ya Japani, alifikia jambo hilo hilo kwa waya. Mwaka 1947 alijifunza mjini Toluca, Meksiko, namna mafundi wa huko wanavyofuma vikapu vya waya kwa vitanzi, akaigeuza mbinu hiyo kuwa sanamu nyepesi zinazoning'inia darini. Alilea watoto sita, na sehemu kubwa ya kazi hizo aliifuma nyumbani San Francisco huku watoto wakicheza miguuni pake. Kitanzi kikishafungwa kimefungwa, ukiitwa, unaondoka.

Nyenzo peke yake, lakini, haitoshi. Mfaransa Berthe Morisot alishiriki maonyesho saba kati ya manane ya kundi lake, wachoraji walioitwa Impressionists, na yale aliyoyakosa ni ya mwaka 1879, baada ya kumzaa binti yake Julie mnamo Novemba 1878. Mwaka uliofuata alirudi. Dada yake Edma, waliyejifunza naye uchoraji tangu usichana, aliolewa mwaka 1869 na uchoraji wake ukaishia hapo. Ndiye yule mama tunayemwona akimtazama mwanawe katika picha mashuhuri ya Berthe ya mwaka 1872, ya mtoto aliyelala kwenye kitanda cha kubembea. Berthe alirudi kazini kwa sababu alikuwa na uwezo wa kulipa watu. Alimchora hata mwanamke aliyeajiriwa kumnyonyesha Julie, mtoto akiwa kifuani pake, na kila ninapoitazama picha hiyo namkumbuka dada wa kazi anayeshika mtoto wangu wakati mimi nachonga. Jina langu liko chini ya kila chapa, lake haliko popote. Kwa hiyo mshahara wake nauhesabu ndani ya bei ya chapa, sawasawa na wino na karatasi, na nawashauri wenzangu wafanye vivyo hivyo, hata kama anayesaidia ni shangazi au mdogo wako ambaye hatakudai.

Kuhusu msukumo wa kuchora nini, nyumba yenye watoto haina ukame. Käthe Kollwitz wa Berlin, bingwa wa chapa na mama wa wavulana wawili, alipotengeneza mwaka 1903 picha yake ya mwanamke aliyemkumbatia mtoto aliyekufa, alijichora mwenyewe akijitazama kwenye kioo, akiwa amempakata mwanawe Peter, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba. Mimi huchora miguu ya watoto wakiwa wamelala, na kanga zilizoanikwa kambani, ambazo pindo zake zimenifundisha zaidi kuliko kitabu chochote namna ya kurudia umbo moja bila kumchosha mtazamaji. Ninapokwenda kwenye maonyesho na mtoto mgongoni simalizi ukumbi; nachagua picha moja, naitazama hadi mtoto aanze kunung'unika, nainakili kwa penseli katika daftari dogo, basi.

Liko jambo ambalo mama hawezi kulitatua akiwa peke yake. Nafasi nyingi za wasanii kwenda kukaa na kufanya kazi mahali fulani humtaka mtu aondoke nyumbani wiki kadhaa, akiwa peke yake, na ufunguzi wa maonyesho hupangwa saa ambazo watoto wanaogeshwa na kulishwa. Waandaaji wakiuliza kwenye fomu ya maombi kama msanii atakuja na mtoto, na wakafungua maonyesho Jumamosi mchana, gharama haitawazidi. Darasani kwangu tumehamishia masomo ya kuchapa asubuhi ya Jumamosi, mkeka umetandikwa kwenye kona iliyo mbali na meza ya patasi, na wanafunzi wanapokezana kuwaangalia watoto wakati wenzao wana wino mikononi.