Je, Wajua Kwa Nini Mashindano ya Kikapu ya Vyuo vya Marekani Huwateka Mashabiki Kila Machi?

Ligi ya NBA imekusanya wachezaji bora kabisa wa mpira wa kikapu duniani, lakini ifikapo Machi mashabiki wengi wa Marekani huiweka kando kwa wiki tatu na kuwafuatilia vijana wa vyuo vikuu, ambao wengi wao hawatacheza NBA hata siku moja. Mapenzi haya yanatoka wapi? Mimi ni mmoja wa mashabiki hao, na naamini jibu limo katika kanuni mbili zinazoyaendesha mashindano hayo, ambazo kila moja peke yake isingetosha.

Kanuni ya kwanza ni mtoano wa mechi moja. Katika hatua za mwisho za NBA timu hukutana hadi mara saba, na anayeshinda nne ndiye anayesonga mbele, hivyo mwenye uwezo mkubwa hupata nafasi ya kurekebisha makosa yake. Vyuo havina nafasi hiyo. Ni dakika 40 tu, zilizogawanywa katika vipindi viwili, na anayefungwa safari yake imekwisha. Kwa muda mfupi kiasi hicho, timu dhaifu ambayo mitupo yake ya pointi tatu imekubali usiku huo inaweza kumwangusha yeyote.

Kanuni ya pili ni kwamba mlango uko wazi kwa wadogo. Mashindano yalianza mwaka 1939 yakiwa na timu 8, na Oregon ikatwaa ubingwa kwa kuifunga Ohio State 46–33. Kwa miaka mingi kila ligi, yaani kundi la vyuo vinavyoshindana vyenyewe kwa vyenyewe msimu mzima, iliruhusiwa kupeleka timu moja tu, hadi mwaka 1974, Maryland, iliyohesabiwa miongoni mwa timu bora kabisa za nchi, ilipofungwa 103–100 na North Carolina State katika muda wa nyongeza wa fainali ya ligi yao na kuachwa nje. Mwaka uliofuata nafasi ziliongezwa hadi 32, kisha zikawa 64 mwaka 1985 na 68 mwaka 2011. Katika upanuzi huo wote, bingwa wa kila ligi, hata iwe ndogo namna gani, ameendelea kuingia moja kwa moja bila kusubiri huruma ya kamati inayoteua timu nyingine. Timu hugawanywa katika kanda nne na kupewa namba kuanzia 1, iliyo bora zaidi, hadi 16, iliyo dhaifu zaidi, na namba 1 hukutana na namba 16.

Kuanzia mwaka 1985, namba 1 wa mashindano ya wanaume walishinda mechi zote 135 za namna hiyo. Ndipo tarehe 16 Machi 2018, mjini Charlotte, ikaja UMBC, chuo cha jimbo la Maryland kilichojulikana zaidi kwa timu yake ya sataranji. Mwezi Januari mwaka huohuo kilikuwa kimefungwa 83–39 na Albany. Kiliingia kwa sababu moja tu: katika fainali ya ligi yake dhidi ya Vermont, Jairus Lyles alitumbukiza mtupo wa pointi tatu ikiwa imebaki chini ya sekunde moja. Mpinzani wao, Virginia, alikuwa amepoteza mechi mbili tu msimu mzima. Hadi mapumziko walikuwa sare, 21–21, na hilo pekee lilikuwa la kushangaza. Kipindi cha pili UMBC ilifunga pointi 53, Lyles akamaliza na 28, na matokeo yakawa 74–54. Nastaajabia hasa tofauti hiyo ya pointi 20, kwa maana haiachi nafasi ya kusema kwamba ni bahati ya dakika ya mwisho. Kwa upande wa wanawake maajabu hayo yalikuwa yametangulia kwa miaka 20, pale Harvard ilipoitoa Stanford 71–67 nyumbani kwake.

Shabiki naye hakai pembeni. Kabla ya mechi kuanza, mamilioni ya watu hujaza karatasi ya ubashiri wa mechi zote 63 zinazochezwa timu zikishapunguzwa hadi 64, kila mmoja na mkeka wake, ofisini na majumbani. Kwa kuwa kila mechi ina matokeo mawili, njia za kuijaza karatasi hiyo zinazidi trilioni 9 mara milioni moja. Mwaka 2019 shabiki mmoja wa Ohio alipatia mechi 49 za mwanzo, kisha mkeka wake ukachanika.

Hata Rais Barack Obama alijaza wake hadharani, na mwaka 2009 aliipatia North Carolina kuwa bingwa. Mwaka huo nasi wa Afrika Mashariki tulikuwa na mtu wetu: Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye kimo cha zaidi ya mita 2.2, aliifikisha Connecticut nusu fainali, ambako walitolewa na Michigan State 82–73. Miezi michache baadaye alichaguliwa wa pili kuingia NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Kumfuatilia kulihitaji kukesha, kwani mechi inayoanza saa tatu usiku New York huwa ni saa kumi alfajiri Dar es Salaam.

Linalonitia wasiwasi ni fedha. Tangu mwaka 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina yao na kuhama bila kukaa nje msimu mmoja, jambo ambalo ni haki yao, lakini kijana anayeng'ara katika chuo kidogo sasa huchukuliwa mapema na chuo chenye mfuko mnene. Mwaka 2025 timu zote 16 zilizobaki baada ya raundi mbili zilitoka katika ligi nne kubwa, na nusu fainali ikawa ya namba 1 watupu. Hata hivyo, mabingwa wa ligi ndogo wangali wanaingia moja kwa moja, na maadamu kanuni hiyo haijaguswa, mimi nitaendelea kuzitazama mechi za raundi ya kwanza kabla ya zote.