Bajeti ya serikali ikipungua, pensheni nayo hupunguzwa?

Watumishi wengi wa umma Tanzania huamini kuwa serikali ikiishiwa fedha, pensheni yao hukatwa. Hofu hiyo ina chanzo, ila imeelekezwa mahali ambapo hakuna tatizo. Kiwango cha pensheni hutoka kwenye kanuni ya kisheria inayotazama miezi uliyochangia na wastani wa mishahara yako. Hali ya hazina mwaka unaostaafu haimo.

Ukata huuma kwingine: michango kuchelewa kuwasilishwa. Mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 hukatwa 50,000 (asilimia 5), mwajiri huongeza 150,000 (asilimia 15). Hati ya mshahara huonyesha makato tu, haithibitishi kwamba 200,000 zilifika kwenye mfuko wa pensheni. Miezi ikiwa mitupu, hesabu ya mafao hukwama au hutoka pungufu, na sharti la kuchangia angalau miezi 180 ili kupata pensheni laweza kuonekana halijatimia kwenye kumbukumbu.

Omba taarifa ya michango kila mwaka, uilinganishe na hati zako mwezi kwa mwezi. Ukikuta pengo, mwandikie ofisa utumishi, ambatisha nakala, ubaki na barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Tarehe ya kuzaliwa iliyokosewa pia huchelewesha malipo, hata michango ikiwa kamili.